Naomba ushauri: mvumo wa gurudumu la mbele, Corolla ya 1998

Wakuu, salamu. Nina Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998 ambayo kwa sehemu kubwa naitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa jeki, stendi mbili na seti ya spana. Tangu mwezi uliopita, nikifika kilomita 50 kwa saa unaanza mvumo upande wa mbele, mithili ya nyuki ndani ya debe, nao hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka, hata nikitoa gia. Nikikata usukani kidogo kwenda kulia, uzito wa gari ukilalia kushoto, mvumo huzidi. Nikikata kushoto hufifia.

Kwanza nilishuku matairi, maana yameliwa vibaya, nikayahamisha ya mbele kwenda nyuma, lakini sauti ilibaki palepale. Kisha nikainua gari, nikashika tairi la kushoto juu na chini na kulitikisa: halichezi hata kidogo. Hata hivyo, nilipolizungusha huku vidole vikiwa juu ya springi, nilihisi mkwaruzo ambao upande wa kulia haupo. Kwenye kona kali hakuna mlio wa "ka-ka-ka", hivyo shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu) nimeiondoa katika hesabu.

Je, beringi ya gurudumu (bangili yenye gololi inayolifanya lizunguke laini) inaweza kuvuma hivi bila kulegea? Na kwa kuwa hushindiliwa kwa presi (mashine ya kukandamiza), ambayo sina, nifungue chuma chote kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) nikipeleke gereji, au kuna aliyefanikiwa kuibadilisha nyumbani? Kuigonga mpya kwa nyundo naogopa.