Acheni kutuambia "washa V-Sync" kama vile ni panadol ya kila ugonjwa!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira. Kila mtu akiuliza humu kwa nini picha inachanika akigeuka haraka kwenye gemu, jibu ni lile lile: "Washa V-Sync." Basi! Aliyejibu anaondoka kifua mbele, aliyeuliza anaanza kuuawa kila raundi na hajui kwa nini.

Picha inachanika pale kadi ya picha (graphics card) ya kompyuta inapoleta fremu mpya, yaani picha moja kamili, huku skrini bado inachora ya zamani, juu unaona hii, chini ile. V-Sync ni mpangilio unaoilazimisha kadi isubiri skrini imalize kuchora. Skrini ya hezi 60, yaani inayochora mara 60 kwa sekunde, inachora upya kila milisekunde 16.7, kwa hiyo fremu zinapanga foleni na ulichofanya na mausi unakiona kimechelewa. Kadi ikizidiwa kidogo tu, V-Sync ya kawaida inaweza kukushusha kutoka fremu 60 hadi 30. Kwa gemu la mpira na washkaji sebuleni, sawa. Kwa gemu la risasi kama Counter-Strike 2 ni kwenda kufa bure.

Halafu hawa wauza monita! Boksi limeandikwa FreeSync (teknolojia ya skrini kufuata kasi ya kadi badala ya kadi kuisubiri skrini), muuzaji anakuapia inakubali kadi yoyote. Mimi nina kadi ya NVIDIA, GTX 1060. Ni kweli NVIDIA waliziruhusu monita hizo Januari 2019, lakini kwa kadi za kizazi hiki lazima upitie DisplayPort, tundu tofauti na la HDMI. Ndani ya boksi? Waya wa HDMI peke yake. Narudi dukani naambiwa "waya ni waya, bosi", kisha ananisukumia adapta. Waya ni waya?!

Waya wa DisplayPort nimeupata kwingine. Nimewasha G-Sync (jina la NVIDIA kwa teknolojia hiyo hiyo) kwenye paneli ya NVIDIA, nikapandisha hezi hadi 144 kwenye Windows (yenyewe ilikuwa imeiacha 60, na nina uhakika kuna watu humu wamelipia 144 wanachezea 60 hadi leo), nikazuia fremu zisizidi 141. Zikivuka 144 skrini haiwezi tena kuzifuata, unarudi kule kule. V-Sync nimeiacha kwenye paneli tu, iwe ya akiba, ndani ya gemu nimeizima. Mchaniko hakuna, na mausi inatii.

Sasa nyie wa "washa V-Sync tu", njooni hapa tubishane. Ila kabla hujaandika, taja kadi yako, waya unaotumia na hezi unazosoma kwenye Windows.