Naomba ushauri: upawa wa fedha wenye kichwa cha Diana ni wa miaka gani?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kukadiria umri wa upawa wa fedha kutoka Austria. Nyuma ya mpini pamegongwa kichwa cha Diana (mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale), tarakimu 3 na herufi A, yaani fedha ya 800 kwa 1000 iliyopimwa Vienna kati ya 1867 na 1922. Alama iliyotumika kabla ya hiyo ingekuwa rahisi zaidi, maana ilibeba mwaka wenyewe. Muhuri wa fundi, herufi mbili ndani ya umbo la yai, umesagika upande mmoja, nami sitaki kabisa kuung'arisha nisije nikaumaliza. Je, fremu ya kichwa hicho, au mahali ilipokaa herufi A, inaweza kupunguza kipindi hicho kirefu? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.