Mtoto kaandika sahihi, mwalimu kamkata maksi! Hizi inglishi midiamu zinafundisha Kiingereza cha wapi?

Wakuu habari za jioni. Naomba mtu asije kunituliza kwanza, nina hasira na ada ya muhula nimeshalipa yote.

Hivi nani alipitisha kwamba "discuss" lazima ifuatwe na "about"? Binti yangu yuko Darasa la Sita kwenye hizi shule za inglishi midiamu, kaandika kwenye daftari "We discussed the problem with our teacher". Sentensi safi, haina doa. Mwalimu kapiga mkwaju mwekundu, juu yake kaandika ABOUT kwa herufi kubwa na maksi kakata. Mstari wa chini mtoto kaandika "My mother requested a receipt", nayo imekatwa, imechomekewa "for". Yaani sentensi mbili zilizokuwa sahihi zimeharibiwa na mtu anayelipwa kuzisahihisha, halafu mtoto akaambiwa arudie kuandika yale makosa ukurasa mzima ili yamkae kichwani. Na yamemkaa! Sasa hivi ukimuuliza anakujibu discuss about bila hata kufikiri.

Nikajisemea labda mwalimu alichoka, madaftari ni mengi, sisi sote binadamu. Nikaenda shuleni kistaarabu kabisa, shikamoo marahaba zote zikapita, nikauliza. Nikajibiwa "Mama, discuss inaenda na about, ipo kwenye noti." Nikaomba hizo noti. Wakuu, nililetewa desa! Fotokopi ya fotokopi, imepinda, upande wa kulia herufi zimeliwa, haina jina la aliyeandika wala mwaka, na watoto wote wanalinunua steshenari ya hapo nje ya geti. Orodha ndefu ya vitenzi, kila kimoja na kihusishi chake pembeni, kariri. Discuss about. Request for. Emphasize on. Comprise of. Cope up with. Married with. Reach at. Nilisoma nikahisi kizunguzungu, maana hiyo cope up with nimeisikia mpaka kwa mabosi kwenye vikao, kumbe chimbuko lake ndio haya madesa.

Ni "cope with" tu jamani, hiyo up haina kazi pale. Ni "emphasize the point", ni "reach home", ni "married to".

Na msije mkaniambia eti ni kosa dogo, tatizo langu sio kosa. Kosa lenyewe hata linaeleweka linatoka wapi, ndio maana mwalimu aliyesomea angetakiwa alijue kuliko mimi. Kwanza Kiingereza chenyewe kina mtego, nomino inabeba kihusishi lakini kitenzi chake hakibebi. Unasema "a discussion about the problem" lakini "discuss the problem". "A request for a receipt" lakini "request a receipt". "Emphasis on" lakini "emphasize" peke yake, "an answer to the question" lakini "answer the question", "a lack of water" lakini "we lack water". Mmeona? Ni mtego ule ule unajirudia, ungeuandika ubaoni siku moja na mifano yake nusu ya lile desa ingekufa hapo hapo. Halafu juu yake kuna Kiswahili chetu, sisi tunajadili kuhusu, tunasisitiza juu ya, tunaolewa na fulani, basi mtoto anahamisha kila kitu kama kilivyo. Na upande wa pili Kiswahili kinameza kihusishi ndani ya kitenzi, nisikilize, nisubiri, nieleze, ndio maana mtoto anakuandikia "listen me", "wait me", "explain me". Hapo ndipo vihusishi vinatakiwa na yeye kaviacha, kule visipotakiwa ndiko kavijaza.

Ukimwambia hivyo mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa, mimi wangu nimemwambia kaelewa. Ila shuleni hawawezi kumwambia, kwa sababu akionekana anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Unamfundisha mtu lugha ya pili huku umemkataza kutumia ile anayoijua kuielewa! Hii akili ilitoka wapi?

Halafu hata hilo desa lingekuwa sahihi mwanzo mwisho bado lisingetosha, maana kitenzi kimoja kinabadilisha maana kulingana na kilichokifuata. Chukua "throw". Mtoto akiandika "He threw the ball to me" maana yake alinirushia nidake. Akiandika "He threw the ball at me" maana yake alitaka kunipiga nao. Kiswahili vyote viwili unasema alinirushia mpira, utajua mwenyewe kwa muktadha kama ni mchezo au ugomvi. Kwenye desa imeandikwa "throw at", basi, ndio mwisho. Sasa mtoto akieleza mechi ya netiboli darasa zima litakuwa linapigana! "Shout at" na "shout to" vivyo hivyo, moja unafokewa nyingine unaitwa kwa mbali. "Enter the room" haina into, ila "enter into an agreement" inayo. Na "look" ndio usiseme, look at, look for, look after, look into, kila moja ni habari nyingine kabisa. Hivi unavikariri vipi kwa orodha? Unavipata kwenye hadithi, kwenye kusoma sana, kwenye kusikia mtu anaongea, sio kwenye kijikaratasi.

Kingine ambacho nusura kinitoe machozi. Mtoto kaandika "on the weekend", imekatwa, imewekwa "at". Sawa, Uingereza wanasema at the weekend, sipingi. Lakini Marekani wanasema on the weekend na huyu mtoto anaangalia katuni za Marekani kutwa nzima. Mwalimu angeandika tu pembeni kwamba sisi hapa tunafuata ya Uingereza, yaishe. Vivyo hivyo "protest the decision" ya Marekani na "protest against the decision" ya Uingereza, au "write me" na "write to me". Sio kosa, ni nyumba mbili tofauti. Ila kwenye wino mwekundu kila kitu ni X.

Na kinachoniuma zaidi, kamusi wanayo! Kwenye tangazo la shule kuna picha ya maktaba, vitabu vimepangwa vizuri, na ile kamusi ya Oxford ya wanafunzi ipo pale shelfu ya juu nimeiona kwa macho yangu. Ile kamusi kwenye "discuss" wameweka kabisa onyo kwamba usiseme discuss about something. Waandishi walishajua watu wengi duniani wanakosea hapo. Nikamwomba mwalimu wa taaluma tuifungue pamoja, dakika moja tu, akaniambia ufunguo wa maktaba anao mtu ambaye leo hayupo. Halafu akashusha sauti akaniambia "mzazi, mwache afuate noti, asijichanganye". Asijichanganye! Yaani anayejichanganya ni yule aliyeandika sahihi!

Niliweka picha ya daftari kwenye grupu la wazazi, majibu mnayajua. Mmoja kaweka emoji ya kucheka. Mwingine kasema mama fulani unatafuta umaarufu. Mwingine eti tukiwasema walimu watawachukia watoto wetu, na huyu ndiye aliyenifanya nifunge mdomo kidogo, maana hilo ni kweli linatokea.

Sasa najua humu kuna atakayekuja kuandika Kiingereza sio lugha yetu kwani kuna shida gani. Ndugu yangu, wa Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, wakikosea nitanyamaza, wale wanasoma kwa Kiswahili mpaka la saba na darasani wamebanana. Mimi nimeuziwa Kiingereza. Kipo kwenye bango la shule, kipo kwenye risiti. Kama sio lugha yetu warudishe hela.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, mtihani wa muhula uko karibu na huyo huyo mwalimu ndiye anatunga na kusahihisha, mtoto aandike "discuss" au aandike la kwenye desa apate maksi? Na mzazi aliyewahi kumfuata mwenye shule moja kwa moja akapita juu ya mwalimu mkuu, ilikwendaje, mtoto hakusumbuliwa? Wenye madesa ya shule nyingine pia wekeni picha hapa, ficheni jina la shule tu.