Harusi ni Julai, kadi za mchango zitoke lini? (Dodoma)

Katibu_kwa_lazima:
Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu wa kiume anaoa Jumamosi ya tarehe 18 Julai hapa Dodoma. Kikao cha kwanza cha familia kimenitwisha ukatibu wa kamati, eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ukumbi tumeshaushika Kisasa, watu 300. Ugomvi umebaki kwenye kadi. Baba mkubwa anataka za mchango zitoke wiki hii. Mwenyekiti anasema tukianza mapema watu watasahau, tusubiri Juni. Kuna mjumbe mwingine anataka tuprinti za mchango na za mwaliko kwa mkupuo mmoja tupate punguzo. Ndugu wengi wako mjini, wengine Mvumi na Kongwa, wakwe wako Singida. Tumsikilize nani?

Fundi_kadi_Majengo:
Katibu, pole na hongera. Mimi nina steshenari na kadi ndizo zinazolipa pango langu, kwa hiyo nikikwambia usiprinti zote kwa pamoja, ujue naongea dhidi ya tumbo langu.

Kadi ya mchango usiihesabie wiki, ihesabie mishahara. Mji huu ni wa watumishi. Mtu ukimpa kadi katikati ya mwezi anaiweka juu ya friji, na huko juu ya friji kuna za wenzako wanne. Mpe mshahara ukiwa unanukia, ataandika ahadi papo hapo. Nyinyi mna mishahara mitatu ya uhakika: Aprili, Mei na Juni. Kadi ziwe mikononi mwa watu kabla Aprili haijaisha. Akipunguza kidogo kidogo mara tatu, ahadi inakamilika bila ya nyinyi kumpigia simu za usiku. Mwenyekiti akisubiri Juni, atakuwa anaomba laki moja kwenye mshahara mmoja ambao tayari una ada ya muhula wa pili.

Wa Mvumi na Kongwa wana kalenda yao. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinakatika Aprili, halafu mtama na alizeti vinavunwa kuanzia Mei. Mjomba hawezi kutoa kitu kabla hajauza. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya michango msiandike Mei, andikeni 30 Juni.

Kadi ya mwaliko ni habari nyingine kabisa. Ile ni tiketi ya kiti, na huwezi kujua viti vya nani kabla daftari la mweka hazina halijafungwa. Muundo wake uandaliwe katikati ya Juni, lakini mashine isiwashwe mpaka kanisa lithibitishe saa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu. Hayo yakianza, majina na tarehe havichezi tena. Wiki ya kwanza ya Julai mnaprinti na kugawa. Sampuli isomwe na mtu wa kila upande, hasa jina la ukoo la bibi harusi. Na ongezeni kadi chache zisizo na majina, mtanikumbuka.

Mama_hazina_Ilazo:
Fundi kasema, ila kwenye karatasi za mchango anajipigia debe kidogo. Siku hizi wengi watumieni picha kwa WhatsApp yenye jina la mtu, la mtu hasa, siyo "Ndugu/Rafiki". Za karatasi wape wazee, mabosi na watu wa kijijini.

Jambo moja la muhimu: chini ya namba ya kupokelea fedha andikeni jina litakalotokea kwenye simu. Kamati moja niliyoitunzia fedha, namba ilikuwa ya mwenyekiti lakini laini imesajiliwa kwa jina la mkewe. Watu waliona jina geni wakadhani ni matapeli, wakasita wiki nzima.

Wakwe wa Singida msiwapelekee kadi za mchango! Wana sendofu yao na michango yao. Kubalianeni idadi ya viti, kisha fungeni kadi zao za mwaliko kwenye bahasha moja, zipandishwe basi pale Nzuguni. Wagawe wenyewe, wanajuana.

Katibu_kwa_lazima:
Asanteni sana, naingia nayo kikaoni Jumapili. Kuna hili pia: tumepanga singo 70,000 na dabo 120,000. Mtu akiishia 40,000 tunamfanyaje? Mama anasema hakuna jirani yake atakayezuiwa mlangoni.

Mama_hazina_Ilazo:
Wa 40,000 mpigie wiki ya mwisho ya Juni, kwa upole, wengi humalizia. Asipomalizia, kanisani anakaribishwa, kule hakuna kadi. Majirani wa mama ni fungu tofauti, msilichanganye na michango. Mtengeeni viti 30, aandike orodha mwenyewe kwa mkono wake na umsomee kikaoni mbele ya baba mkubwa. Ukimwachia bila idadi, huo ukumbi wa Kisasa utakuwa mdogo.

Fundi_kadi_Majengo:
Na kadi za hao 30 zipeni alama pembeni, watu wa mlangoni wajue.