Naomba ushauri: fremu Posta au Kariakoo?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma, nauza dagaa na mawese, sasa natafuta fremu Dar es Salaam. Kaka anang'ang'ania Posta: "Kule ndiko mjini, angalia maghorofa!" Mimi sihesabu ghorofa, nahesabu miguu. Safari iliyopita nilipita Samora saa moja usiku: walinzi wameshavuta viti mlangoni, muuza karanga anafunika sinia. Nikachukua bajaji hadi Kariakoo. Huko kupishana na mkokoteni ni kwa ubavu, spika zinagombania wateja.

Shemeji aliyewahi kuishi Houston, Marekani, ananiunga mkono. Katikati ya jiji lile minara ni mirefu kweli, ila watu wengi mchana hupita kwenye mahandaki yenye viyoyozi na migahawa, juu barabara imepwaya. Manhattan, kule New York, ni kinyume: maduka yanatazama barabara, na treni za chini zinatema watu usiku na mchana.

Hata hapa kwetu Kigoma, stesheni ya reli ya Mjerumani ina heshima yake, lakini jioni mtanikuta Mwanga, kwenye watu.

Wenye uzoefu, kodi ya Kariakoo itanimeza? Au nijaribu Kisutu, karibu na soko? Dagaa wangu ni wa kukaangwa, wasafi, hawana mchanga.