Ofisi ya transit Lubumbashi, mashine 9: Microsoft 365, LibreOffice ao Google? Naomba ushauri

Transit_Kampemba

Jambo bandugu, poleni na kazi. Niko Lubumbashi, tuko na kiofisi cha transit (kupitisha mizigo ku forodha), batu 9 mashine 9, tunafanyaka dosie za malori ya shaba inayotoka ku migodi kwenda ku mpaka wa Kasumbalesa na kuvuka Zambia. Deklarasio yenyewe inaingia mu Sydonia, programu ya forodha, kwa hiyo pale hamuna shida, shida iko kwa vile vyote vinavyotangulia, paking listi, fakture, karatasi za mizani, barua za wateja, vyote tunavipika mu Excel na Word.

Sasa zile mashine 6 tulizinunua okazio mu duka moja ya hapa mjini, zikakuja na Office ndani tukafurahi, kumbe ni ya kraki, ya wizi bila leseni. Mwezi uliopita ikaanza kuandika juu kwamba haina leseni, kijana mumoja wa ofisi akatafuta ka-programu ka kuifungua ku intaneti, akaweka. Asubuhi tunafika, fishie za dosie zaidi ya 40 zimebadilishwa majina zote na hakuna hata moja inafunguka. Tuliokoa zile tulizokuwa tumetuma ku WhatsApp ya wateja na zile za fleshi ya mama wa kontabilite, basi. Siku 4 tulikuwa tunaandika upya uzito wa bando za kathodi (mabamba ya shaba) moja moja, dereva wamekaa chini ya malori wanangoja, na mimi sikuwa na la kuwaambia.

Patron amesema nichague: Microsoft 365 ya kulipa, ao LibreOffice ya bure, ao Google. Intaneti yetu inakatikaka, umeme ndio usiseme, na wateja wakubwa wanatuma Excel na wanataka warudishiwe Excel. Mimi mutu wa forodha si fundi. Mungelikuwa mahali pangu mungefanya nini?

Fundi_Katuba

Yaya pole sana. Kabla ya programu yoyote, zile mashine zifutwe kabisa na Windows iwekwe upya, usije ukaweka kitu kizuri juu ya uchafu ule. Na kama ziko na Windows 10 ujue Microsoft walimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na siku ile ile walimaliza na Office 2016 na Office 2019, kwa hiyo mutu akikuambia yuko na Office 2019 ya kweli ya bei ya chini, muache nayo, haipati tena marekebisho ya usalama.

Kuhusu bei, Business Standard, ile yenye Word na Excel za kuweka ndani ya mashine, mimi niliijua kwa dolari 12.50 kwa mutu kwa mwezi ukifunga mwaka muzima, angalia kama haijapanda. Kwa batu 9 ni dolari 1350 ku mwaka. Iko ingine ya chini, Business Basic, lakini ile inafungukia ku intaneti na ku simu tu, kwenu na ule muunganisho itawatesa. Na leseni ni ya mutu, si ya mashine, mutu mumoja anaruhusiwa kuiweka ku komputa 5 zake. Batu 3 kutumia akonti moja hapana, ile hairuhusiwi.

Mama_Kontabilite_Bukavu

Mimi niko Bukavu, kwetu tunatumikaka LibreOffice tu na kazi inaenda. Balansi zetu za SYSCOHADA (kanuni zetu za kontabilite), TVA 16%, mishahara, vyote mu Calc, ile Excel ya LibreOffice. Fomula za Excel ziko: RECHERCHEV ya kutafuta iko, SI iko, SOMME ya kujumlisha iko, majina ni yale yale ya Kifaransa, na RECHERCHEX nayo ilikuja tangu toleo la 24.8 la mwaka 2024, kwa hiyo angalia wasikuwekee toleo la zamani. Kitu cha kwanza ukishaiweka: ingia mu Options uiambie ihifadhi kila mara kwa xlsx na docx, zile za Excel na Word, ju yenyewe inahifadhi kwa ods na odt na mteja atakupigia simu anasema fishie yako haifunguki.

Ila nisikudanganye, makro za Excel, zile programu ndogo ndani ya fishie, hapo ndipo inachokaka. Zingine zinatembea zingine zinakataa. Kama mteja wako anatuma fishie ya xlsm yenye kabatoni ka kubonyeza, ijaribu mbele ya kumuahidi patron kitu.

Goma_Cyber

Google ni nzuri kwa batu kuandika pamoja, mimi niko nayo hapa Goma na nikiwa na mtu mpakani anajaza kwa simu naona namba zinaingia palepale, hiyo raha Excel ya ndani ya mashine haikupi. Inaweza kufanya kazi bila intaneti lakini lazima uiwashe mapema ukiwa bado na mega, na ni ndani ya Chrome ao Edge. Kwa paking listi ya kurudisha kwa Excel mimi singeitegemea peke yake.

Na 365 usifikiri ukishalipa umemaliza na intaneti. Angalau mara moja kila siku 30 mashine inapaswa kujionyesha kwao, la sivyo utafungua na kuprinti lakini kuandika itakukatalia.

Mizani_Route_Likasi

Ndugu wote wameongea vizuri lakini kitu kilichonipotezea usingizi mimi hakuna aliyekigusa. Karatasi za mizani mara mingi zinakuja CSV, fishie ya maandishi matupu yenye kutenganishwa na koma, na mashine ya mizani imewekwa Kiingereza, inaandika 32.480 na nukta. Mashine zetu ziko kwa Kifaransa, zinangoja 32,480 na koma. Ukibonyeza ile fishie mara mbili mu Excel ya Kifaransa mistari yote inajazana mu kolone moja, unaikata vizuri, unaona uzito uko pale, unaweka SOMME, inatoa 0. Ao mbaya zaidi, inatoa namba inayofanana na ukweli, ju imejumlisha zile chache zisizo na nukta na kuruka zingine. Kwa komputa ile 32.480 si namba, ni maneno tu.

Angalia kisanduku: namba ya kweli inaegemea kuume, maneno yanaegemea kushoto. Mimi siku hizi nikifungua fishie ya mizani naangalia kwanza uzito umelala upande gani, mbele ya kitu kingine chochote. Na hapa nasema wazi nawapenda LibreOffice, ju yenyewe ukifungua CSV inakuuliza kwanza: vinatenganishwa na nini, na ni lugha gani. Chagua koma, chagua Kiingereza cha Marekani, uzito wote unahamia kuume. Excel pia inawezekana lakini unapitia menyu ya Données, na kijana mwenye haraka hapitie pale.

Transit_Kampemba

Aksanti sana bandugu. Nimefanya vile mama wa Bukavu alisema, nilichukua fishie 5 za kweli za wateja nikazifungua mu LibreOffice. 4 hakuna neno. Ya tano iko na makro ya kutoa namba za loti, kabatoni kamekataa. Na barua moja ya Word, mustari wa sahihi ulishuka ukaenda peke yake ku ukurasa wa 2.

Mizani, nilifungua ya juzi. Malori 3 yalikuwa yameegemea kushoto. Nimeirudisha kwa kijana bila kusema kitu, nikamuonyesha tu na kidole.

Fundi_Katuba

Ule mustari umeshushwa na aina ya herufi (font). Kama barua iliandikwa kwa Calibri na mashine haina Calibri, LibreOffice inaweka Carlito mahali pake, upana ni ule ule kwa hiyo pale haisogei, lakini kama mteja alitumia herufi ingine ya kigeni kila kitu kinatembea. Barua ya mwisho mutume PDF, mumalize.

Transit_Kampemba

Sawa. Patron amekubali: leseni 3 za 365 kwa wale batu 3 wa fishie za wateja, dolari 450 ku mwaka kwa hesabu ya Fundi, na LibreOffice kwa wengine 6. Mizani zote zinapita ku LibreOffice, hilo halina mjadala.

Mama_Kontabilite_Bukavu

Na kopi za dosie je? OneDrive, ile hifadhi ya Microsoft ku intaneti, ya wale 3 inaweza kurudisha fishie vile zilikuwa mpaka siku 30 nyuma, lakini wale 6? Disk ya nje, na isibakie imechomekwa, ju virusi kama ile inakula na disk.

Transit_Kampemba

Disk tumenunua leo mama. Iko mu kabati ya kontabilite na ufunguo uko naye. Inachomekwa saa 10 jioni, ikimaliza inatoka.