Niliahidiwa "hadi dola 1,500" nikifunga chaja ya gari la umeme nyumbani, nimeambulia sifuri

Wakuu, salaam.

Hili nimekaa nalo rohoni tangu Novemba nikijipa moyo kwamba litanyooka. Wiki iliyopita mhasibu wangu wa kodi kanimaliza kabisa, kwa hiyo leo mnivumilie, natoa povu. Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi jukwaa la magari. Gari halina kosa lolote. Hili ni suala la hela.

Niko Marekani, jimbo la baridi. Jina silitaji, kwa sababu Waswahili wa mji wetu tunajuana, na fundi nitakayemsema ameshafanya kazi nyumba tatu za watu tunaosali nao.

Septemba 2025 nilinunua gari la umeme, Chevrolet Bolt EUV ya 2022, iliyotumika, dola 17,900. Siku zile punguzo la kodi kwa magari ya umeme yaliyotumika lilikuwa linakata roho: asilimia 30 ya bei, lisizidi dola 4,000, bei ya gari isizidi 25,000, na mwisho wake ilikuwa 30 Septemba 2025. Kijana wa dukani akaingiza taarifa zangu kwenye mfumo, 4,000 ikakatwa pale pale kwenye bei, nikasaini, nikaondoka na funguo. Hapo sina neno na mtu. Ila ndipo nilipopotea, maana nilidhani na chaja itakwenda hivyo hivyo.

Mwanzoni nilichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Soketi za huku ni volti 120, na gari linavuta ampea 12, yaani hata kilowati moja na nusu haifiki. Betri ni ya kilowati-saa 65. Piga hesabu mwenyewe: kuijaza kutoka sifuri ni saa 45 na ushei, hapo hujahesabu umeme unaopotea njiani. Kila saa moja ya kuchaji inakupa maili nne hivi. Mimi nafanya zamu ya usiku hospitali, kwenda na kurudi ni maili 82. Nikirudi nalala, gari linachaji saa 12, linapata kama maili 50. Kila siku naingia deni la maili thelathini na kitu. Likianza Jumatatu limejaa, Alhamisi naendesha nimezima hita, nimevaa glovu, napumua mvuke kwenye kioo changu mwenyewe.

Kwa hiyo chaja ya volti 240 haikuwa anasa. Nikaingia mtandaoni, nikaikuta dola 549, na juu yake maandishi makubwa: okoa hadi dola 1,500. Elfu moja ya serikali kuu kupitia kodi, mia tano ya kampuni ya umeme kupitia mpango wa jimbo. Wakuu, lile neno "hadi" lina herufi nne tu, lakini ndilo lililonila.

Fundi wa kwanza alikuja, akatazama boksi la breka dakika mbili, akasema ling'olewe lote, liwekwe la ampea 200. Dola 4,200 kabla hata hatujaigusa chaja. Boksi langu ni la 150 na nyumba inapikia na kupashia joto kwa gesi, yaani nafasi ya chaja ipo. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Wa pili nilimpata kwa simu. Swali lake la kwanza halikuwa boksi liko wapi wala waya utatembea umbali gani. Aliuliza kama nachukua ruzuku. Nikajibu ndiyo, kwa furaha ya kijinga kabisa. Akataka picha, nikatuma, akasema 2,250.

Mama Amani alikuwa anamenya viazi, hakusema kitu. Siku mbili baadaye akapiga namba ile ile kwa simu yake, kwa jina lake la ubini, akatuma picha zile zile. Nilikuwa nimekaa meza ya jikoni, simu iko spika, kaninyooshea kidole nikae kimya. Yule bwana akauliza swali lake la ruzuku. Mama Amani akajibu hana habari nayo, anataka chaja ifanye kazi basi. 1,650.

"Mia sita, baba Amani," akaniambia alipokata simu. "Mia sita kwa kutaja neno moja."

Waya ule ule, ukuta ule ule, mtu yule yule. Hiyo ruzuku iliyowekwa ili mimi nipunguziwe, fundi alikuwa ameshaipangia matumizi yake kabla sijaijazia fomu. Halafu watu wanauliza kwa nini kufunga chaja huku ni ghali.

Tukamchukua kwa 1,650 kwa jina la mama Amani. Tulijiona wajanja kweli. Ngojeni.

Alifunga Novemba, asubuhi moja, kazi safi kwa macho. Waya mweusi umenyooka ukutani, klipu kila baada ya hatua. Chaja ni ya ampea 48, akaweka breka ya 60. Gari likaanza kula umeme, nikapiga picha nikawatumia ndugu Dar. Kilichobaki ni mkaguzi wa mji, maana kibali nilikuwa nimeshakilipia dola 95.

Mkaguzi akaja Jumanne, mzee wa miaka sitini na kitu, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Akafungua mfuniko wa boksi, tochi kaibana mdomoni, akashika ule waya na kuusugua kwa dole gumba kama mtu anayefuta vumbi kwenye noti. Alikuwa anatafuta maandishi yaliyopigwa kwenye ganda. Akayapata, akaniita nisogee nisome mwenyewe. Waya namba 6, aina ya kawaida ya ndani ya nyumba. Akanieleza polepole: chaja ya gari inavuta umeme saa nyingi mfululizo, kwa hiyo kanuni inataka uchukue ampea zake uongeze robo. 48 na robo yake ni 60. Waya wa aina ile, hata kama shaba yake ni nene, unaruhusiwa ampea 55 tu, kwa sababu ganda lake halitakiwi kupata moto sana. Kwa hiyo kila siku nikilala, waya wangu ungekuwa unabebeshwa mzigo wa saa nyingi kuliko kanuni inavyoruhusu, ndani ya ukuta wa mbao, na chumba cha watoto kiko juu yake.

Akanibandikia karatasi ya kushindwa. Naapa huyo mzee ndiye mtu pekee katika mkasa huu aliyenifanyia kazi, na ndiye pekee ambaye hakuwa na chochote cha kuniuzia.

Fundi akarudi. Akatoa breka ya 60 akaweka ya 50, akaishusha chaja kwa mpangilio wake wa ndani mpaka ampea 40. Robo juu ya 40 ni 50, waya unaruhusu 55, hesabu ikakaa. Dakika ishirini. Dola 180! Nikamwambia kosa ni lako. Akasema bei ya kwanza ilikuwa ya waya ule, ningetaka mwingine ningesema. Sasa mimi mpima presha za wagonjwa, waya ningeujulia wapi?

Kwa hiyo jumla: chaja 549, kufunga 1,650, kibali 95, kurudi 180. Dola 2,474. Shikeni hiyo namba.

Kampuni ya umeme. Nikajaza maombi yao, nikapandisha picha ya chaja, ya namba yake ya utambulisho, ya kibali kilichopitishwa. Wiki tano kimya. Halafu barua pepe: ankara haikutenganisha gharama za kazi na za vifaa. Na kweli, ya kwangu ina mstari mmoja tu, "kufunga chaja, 1,650". Kumbe ndiyo maana ya bei mbili. Mwenye ruzuku anaandikiwa ankara ya kueleweka, asiye nayo anapewa kikaratasi. Nikampigia fundi aniandikie upya. Akataka 150 ya usumbufu. Nikameza mate, nikamlipa. Naam, hiyo 150 hata sikuihesabu kule juu, iongezeni wenyewe.

Nikatuma tena. Wiki tatu nyingine. Barua ya pili: modeli ya chaja haimo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Nikaenda kwenye orodha, naiona chaja yangu, jina lile lile. Nikavaa miwani. Namba ya modeli inafanana mpaka herufi ya mwisho: ya kwao ni ile yenye plagi, ya kwangu ni ile ya kuunganishwa moja kwa moja na waya. Na ampea 48 huwezi kuchomeka kwenye soketi ya 50, kanuni ile ile ya kuongeza robo inakataa. Kwa hiyo ukitaka nguvu yote ya chaja lazima uchukue ya waya, na ukichukua ya waya humo kwenye orodha. Nilipiga simu, dada akaniambia kwa sauti tamu kwamba orodha inaweza kusasishwa. Haitarudi nyuma lakini.

Basi nikabaki na ile elfu ya serikali kuu. Kwanza si elfu. Ni asilimia 30 ya gharama, lisizidi elfu. Kwa 2,474 ni dola 742. Nikasema hewala, 742 si haba.

Wiki iliyopita mhasibu akaniuliza anwani ya nyumba, akaiingiza kwenye ramani, akatoa namba ya tarakimu 11 ya eneo letu la sensa, yaani kile kipande cha mtaa ambacho serikali hutumia kuhesabia watu. Akanyamaza. Nikajua.

Iko hivi. Tangu 2023, kwa ile sheria ya 2022 ya enzi za Biden, punguzo la chaja ni kwa nyumba iliyo katika eneo la sensa lenye kipato cha chini au lisilo la mjini. Na orodha za maeneo zilikuwa mbili. Ya zamani, yenye mipaka ya 2015, ilikoma mwisho wa 2024. Mpya inafuata mipaka ya 2020, hiyo inaendelea mpaka mwisho wa 2029. Mtaa wetu ulikuwa kwenye ya zamani. Mpya haumo. Jirani wa kushoto alifunga kiangazi cha 2024, akapata. Mimi nimefunga Novemba 2025, ukuta wetu unatazamana na wake. Kichekesho ni kwamba orodha itaishi kuliko punguzo lenyewe, maana sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imelikata: chaja inayoanza kutumika baada ya 30 Juni 2026 haina kitu.

Ng'ambo ya barabara kuna Mrundi tunayefanya naye kazi. Barabara ndiyo mpaka, yeye yumo. "Kaka, mimi wamenikubali," akaniambia, nikamwonea wivu wa wazi. Juzi kanionyesha Fomu 8911 yake, ile ya kuombea punguzo la chaja. Mstari wa mwisho: sifuri. Ana watoto wanne, punguzo la watoto limeshamaliza kodi yote aliyokuwa anadaiwa, na hili la chaja linapunguza kodi tu, halikurudishii pesa mkononi, wala huwezi kulisogeza mwaka ujao. Sasa niambieni, wakuu. Eneo lazima liwe la watu wa kipato cha chini. Mtu wa kipato cha chini mwenye familia mara nyingi hana kodi ya kupunguzwa. Huyu waliyemtungia hii sheria anaishi wapi? Mimi nadhani ni mtu tajiri aliyejenga shambani.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni:

Mdau uliyesema ningeweka soketi ya plagi kubwa, yaishe: rafiki yangu aliweka ile ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya jiko. Jiko unawasha saa moja, gari linavuta usiku kucha. Ameniletea ile soketi, tundu moja limeyeyuka kama mshumaa. Ukitaka plagi nunua soketi nzito ya viwandani.

Uliyeniambia nirudi Bongo nikachaji kwa LUKU, sawa, nauli uko nayo?

Mliosema mna mpango wa kufunga kabla ya 30 Juni 2026 kupita: kutafuta hizo tarakimu 11 ni dakika mbili, fanyeni kabla ya kununua hata skrubu. Kununua chaja hakuhesabiki, lazima kufikia siku hiyo iwe imefungwa na inafanya kazi, tena kwenye nyumba mnayoishi. Kodi mnayodaiwa mkaiangalie kwenye fomu ya mwaka jana. Bei muulizeni fundi kabla hajawauliza ninyi, na ankara ya kutenganisha kazi na vifaa iandikwe kwenye makubaliano kabla hamjamlipa.

Aliyeniomba namba ya fundi inboksi, hapana. Namba ya yule mzee mkaguzi ningekupa, ila hafanyi kazi za pembeni, nilishamuuliza.

Nimetoka zamu sasa hivi, gari liko asilimia 31, linachaji kwa ampea zake 40. Nikiamka nitawajibu.